Siku moja iliyopotea: kisa cha majaribio ya kivinjari kwenye mfumo wa bukingi Moshi

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya Moshi inayotunza mfumo wa bukingi wa kampuni zinazopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Majina, tarehe halisi na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu au kampuni vimeondolewa au kubadilishwa. Mtiririko wa mambo na chanzo cha kasoro vimeachwa vilivyokuwa. Mimi nafanya kazi Arusha, na niliitwa kuisaidia timu baada ya tukio la kwanza. Wao wenyewe wameridhia kisa kiandikwe.

## Timu na mfumo wake

Mgeni anafungua tovuti, anachagua njia ya kupandia, iwe Marangu, Machame, Lemosho au Rongai, kisha anachagua tarehe ya kuanza kutoka kwenye orodha ya safari za makundi, anajaza idadi ya watu na kulipa malipo ya awali kwa kadi. Ofisini, ofisa wa bukingi anaiona safari hiyohiyo upande wake, na kutokana nayo anapanga waongozaji, wapishi, wapagazi, hoteli, gari la kuwapokea wageni KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na malipo ya hifadhi. Tarehe ya kuanza ndiyo msingi wa kila kitu. Ikikosewa, hakuna kinachobaki sawa.

Majaribio yalifanywa kwa mkono. Kulikuwa na faili la Excel lenye hatua za kufuata, na kila Alhamisi jioni mwandishi mmoja wa msimbo na ofisa wa bukingi walikaa pamoja wakabofya ukurasa baada ya ukurasa kabla ya mabadiliko kuwekwa hewani. Ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini ulitegemea muda wa watu ambao kuanzia Juni hadi Oktoba, kiangazi kinapoleta wageni wengi mlimani, hawana hata muda wa chakula cha mchana. Hatua zikaanza kurukwa, na zilizorukwa kwanza ni zile ambazo hazijawahi kuleta tatizo.

## Usiku wa KIA

Wageni wawili kutoka magharibi mwa Marekani walitua KIA usiku wa tarehe 13 Julai. Walijua wanaanza kupanda tarehe 14 kwa njia ya Machame, siku 7, washuke kwa geti la Mweka tarehe 20 na kuondoka nchini tarehe 21. Hakukuwa na gari la kuwapokea. Ofisini walikuwa wameandikwa kuanza tarehe 15.

Ofisa wa bukingi alipopigiwa simu aliufungua ukurasa wa safari yao: tarehe 15. Wageni wakamtumia picha ya skrini waliyoihifadhi wakiwa kwao, siku waliyolipa. Kiungo kilekile, jina la njia lilelile, namba ya bukingi ileile. Tarehe 14. Akazituma picha zote mbili kwa msimamizi wa waandishi wa msimbo.

"Dada, mimi hapa naiona ni 15," akajibu.

"Hata mimi kaka. Lakini wao wameona 14, na picha ndiyo hiyo. Nawaambia nini watu waliosimama nje ya uwanja?"

Kuwapandisha tarehe 14 hakukuwezekana. Wapagazi, chakula na malipo ya hifadhi vilipangwa kwa tarehe 15. Tiketi zao za kurudi nazo hazikubadilishika ila kwa gharama kubwa. Kampuni ikawalipia usiku wa hoteli, ikawapa mwongozaji wao peke yao na kuifupisha safari iwe ya siku 6. Kwa njia ya Machame, siku inayokatwa ni ile ya kulala Karanga: mgeni anatoka Barranco hadi Barafu kwa siku moja, na usiku huohuo anaanza safari ya kileleni. Usiku wa Karanga umewekwa ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mmoja wao alifika Uhuru, mita 5,895. Mwenzake aliishia Stella Point, ukingoni mwa kreta, chini ya Uhuru. Hakuna awezaye kusema usiku wa Karanga ungemfikisha, lakini siku aliyonyimwa ilikuwa yake, aliilipia, na aliyemnyang'anya ni msimbo. Sisi tunaoandika programu huwa tunaita jambo kama hili "kasoro ya onyesho". Mlimani haikuwa ya onyesho.

## Chanzo

Seva ilituma tarehe kama maandishi matupu: mwaka, mwezi, siku, bila saa. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, ikipewa tarehe ya namna hiyo peke yake huisoma kuwa ni saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo kanda zote za saa hupimwa kwayo, kisha huionyesha kwa saa za mahali kifaa kilipo. Kwa Moshi, tuliotangulia UTC kwa saa 3, saa sita usiku hiyo ya kuingia tarehe 15 ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 15. Siku ni ileile, na hakuna anayegundua kitu. Kwa Los Angeles wakati wa kiangazi chao ni saa kumi na moja jioni ya tarehe 14. Orodha nzima ya safari, kwa mgeni wa kule, ilikuwa imerudi nyuma siku moja. Walitaka 14, wakabofya iliyoandikwa 14, na mfumo ukapokea 15.

Jambo la kuuma zaidi ni kwamba kasoro hii ilikwishatibiwa. Zamani mwandishi mmoja, ambaye ameshahamia kazi nyingine, aliandika kipande kifupi kinachokata maandishi ya tarehe vipande vitatu na kuijenga siku bila kuigusa UTC. Hakuacha maelezo ya kwa nini. Miaka ikapita, kijana mpya akakiona, akaona ni mzunguko usio na sababu, akakibadilisha kwa mstari mmoja. Alijaribu kwenye laptopu yake, ikafanya kazi. Mwenzake akapitia mabadiliko, akaona sawa, yakaunganishwa na msimbo mkuu wa mfumo. Watu wawili makini, wote wakiwa Moshi, walikitazama kitu ambacho ukiwa Moshi hakionekani.

Barua pepe ya uthibitisho ingeweza kuokoa jahazi, lakini haikuandika tarehe. Ilibeba kiungo tu cha kwenda kwenye ukurasa uleule wenye kasoro.

## Uamuzi na sababu zake

Hoja ya kwanza mezani ilikuwa ya msimamizi: kasoro iko kwenye kipande kimoja, basi tuandike jaribio dogo la kipande hicho na tuendelee na kazi. Alikuwa na haki. Jaribio la aina hiyo linakimbia kwa sehemu ndogo ya sekunde na halihitaji kivinjari, na liliandikwa asubuhi ileile. Lakini kijana aliyefanya yale mabadiliko akauliza swali ambalo lilibadilisha mazungumzo: siku akija mwingine akaacha kabisa kukitumia kipande hiki na kuweka kalenda mpya, jaribio hilo litasema nini? Litabaki kijani, rangi ya jaribio lililopita, kwa sababu kipande bado ni kizima. Kinachotakiwa kulindwa ni kile anachokiona mgeni.

Ndipo wakaamua kuandika majaribio yanayofungua kivinjari chenyewe, yanabofya na kusoma skrini kama afanyavyo mgeni, na yanakimbia yenyewe kila mara mtu anapoomba mabadiliko yake yaunganishwe na tawi kuu, yaani msimbo unaotumika. Yakifeli, kitufe cha kuunganisha kinafungwa.

Juu ya zana, mmoja wao alikuwa anaijua Selenium, zana ya kuendesha kivinjari ambayo imekuwepo tangu 2004 na bado inafanya kazi yake vizuri. Walichagua Playwright ya Microsoft, iliyotoka 2020, kwa sababu tatu: inasubiri yenyewe kitufe kiwe tayari kabla ya kukibofya, inaendesha aina tatu za vivinjari, Chromium, Firefox na WebKit, kwa msimbo mmoja, na inakuruhusu kukiambia kivinjari kijione kiko kanda fulani ya saa. Sababu hii ya tatu waliitaja kwenye kikao, ikaandikwa, halafu ikasahauliwa. Tutairudia.

Majaribio yalipangwa kukimbia kwenye mashine za GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo, si kwenye kompyuta ya ofisini. Umeme ukikatika Moshi, kazi iliyoanza inaendelea. Mpango wa bure kwa msimbo usio wa hadhara unatoa dakika 2,000 kwa mwezi, na hesabu hiyo ndiyo iliyowalazimisha kuwa wachache wa maneno. Walichagua safari zile tu za mtumiaji ndani ya mfumo ambazo zikivunjika kuna mtu anaumia au fedha inapotea: kuchagua tarehe, kulipa malipo ya awali, kubadilisha idadi ya watu, ofisa kuingiza safari kwa mkono, kufuta bukingi. Rangi na picha za simba hazikuingia. Malipo yalielekezwa kwenye mazingira ya majaribio ya huduma inayopokea malipo ya kadi, na kila jaribio lilijitengenezea bukingi yake lenyewe badala ya kugombania moja na wenzake.

## Kijani kisichosema kitu

Majaribio yakakamilika, yakakimbia, yote yakawa kijani. Ofisi ikafurahi. Hapo ndipo niliwaomba wafanye jambo moja ambalo ningemwomba kila mtu afanye kabla ya kuliamini jaribio lolote: warudishe kasoro ya Julai kwa makusudi, kwenye tawi la pembeni, waombe kuiunganisha.

Wakairudisha. Yote yakabaki kijani.

Ukimya uliokuwepo chumbani ulikuwa wa watu wanaofikiri. Sababu ilipatikana haraka. Mashine za GitHub zimewekwa saa za UTC. Tarehe inayosomwa kwa UTC na kuonyeshwa kwa UTC haisogei. Laptopu za Moshi zilificha kasoro kwa sababu ziko mashariki, na mashine ya majaribio iliificha kwa sababu iko katikati kabisa. Kasoro ilihitaji macho ya magharibi, na timu haikuwa nayo popote.

Ndipo ule mstari uliosahauliwa ukarudi:

`timezoneId: 'America/Los_Angeles'`

Kila jaribio linalogusa tarehe likaanza kukimbia mara tatu: kwa saa za Los Angeles, za Dar es Salaam na za Auckland. Kwa kasoro ileile, safu ya Los Angeles ikawa nyekundu papo hapo, na ripoti ikaandika kwamba ilitarajia 15 ikasoma 14. Kijana aliyekuwa amebeba lile jambo moyoni tangu Julai aliisoma ripoti ile kwa sauti.

## Wekundu wa mara moja moja

Kilichofuata kilichukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ndicho chenye mafunzo mengi kuliko tukio lenyewe.

Baada ya wiki chache majaribio yalianza kufeli bila mpangilio. Asubuhi nyekundu, ukiyarudia kijani. Baadhi ya sababu zilikuwa za kawaida. Mwandishi mmoja alikuwa ameweka amri ya kusubiri sekunde tatu mahali pa kusubiri kitu mahususi kitokee, na siku mashine ikiwa nzito sekunde tatu hazitoshi. Jaribio jingine lilitafuta kitufe kwa maneno yaliyoandikwa juu yake, na watu wa masoko wakayabadilisha maneno. La tatu lilihesabu "kesho" na likafeli kila mara mtu alipofanya kazi usiku wa manane. Haya yalirekebishwa kwa kutafuta vitu kwa kazi yake na lebo yake kwenye fomu, na kwa kuifunga saa ya kivinjari kwenye siku moja inayojulikana.

Likabaki moja, la kubofya "Endelea kwenye malipo". Lilifeli mara moja moja tu, na watu wakalizoea. Ofisini kukawa na usemi, "hilo lirudie tu." Mpangilio ukawekwa ili jaribio likifeli lijirudie lenyewe mara mbili kabla ya kutangaza nyekundu, na malalamiko yakaisha.

Katika kipindi hichohicho ofisa wa bukingi alikuwa akipokea ujumbe wa wageni wanaosema kitufe cha malipo hakifanyi kazi. Alipowaambia wafungue upya ukurasa, kilifanya kazi. Mambo haya mawili yalikaa vyumba viwili vya jengo moja bila kukutana, mpaka siku moja alipopita nyuma ya mwandishi wa msimbo akaona skrini ya Playwright inayoonyesha hatua kwa hatua kilichotokea jaribio lilipofeli: kitufe kipo, kimebofywa, hakuna kinachofuata. "Hiki ndicho wanachonilalamikia," akasema.

Ukurasa ulikuwa unaletwa na seva ukiwa umechorwa tayari, lakini msimbo unaokipa kitufe uhai ulikuwa unafika baadaye kidogo. Katikati yake kuna dirisha dogo la muda ambalo kitufe kinaonekana kizima kumbe hakijaunganishwa na kitu. Jaribio linabofya haraka kuliko binadamu, kwa hiyo mara nyingine liliangukia humo. Mgeni mwenye intaneti ya kusuasua aliangukia humo kila siku. Tiba ilikuwa ndogo: kitufe kinabaki kimefungwa mpaka msimbo wake ufike. Wekundu wa mara moja moja ukaisha, na ujumbe wa wageni ukaisha.

Kanuni iliyowekwa baada ya hapo ni kali, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Jaribio likifeli halafu likapita kwa kurudiwa, hilo linahesabiwa ni kasoro na linapewa mtu wa kulifuatilia. Asipopata sababu, linatolewa kwenye orodha ya yanayofunga kitufe cha kuunganisha, jina lake likiandikwa ubaoni hadi litatuliwe. Hakuna linaloachwa katikati.

## Kasoro ilipotaka kurudi

Msimu uliofuata, mwandishi mwingine alikuwa anaitengeneza upya fomu ya ofisi. Alitaka tarehe aliyochagua ofisa iwe maandishi ya kutuma kwenye seva, akatumia njia inayopatikana haraka ukitafuta mtandaoni: kuigeuza tarehe iwe ya UTC kwa `toISOString` na kuchukua herufi 10 za mwanzo. Kwa saa za Los Angeles inatoa jibu sahihi. Kwa Moshi, saa sita usiku ya kuingia tarehe 15 ni saa tatu usiku ya tarehe 14 kwa UTC, kwa hiyo ofisa akichagua 15 inaandikwa 14. Ni kasoro ileile ikiwa imegeuka upande.

Aliomba kuunganisha. Safu za Dar es Salaam na Auckland zikawa nyekundu, Los Angeles kijani. Kitufe kikafungwa. Alisoma ripoti, akaona tarehe mbili, akaandika kwa wenzake kwamba ameshaelewa, akarekebisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuna mgeni aliyejua, na hakuna simu iliyopigwa kutoka KIA.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kufunga kitufe cha kuunganisha. Timu nyingi ninazozijua Arusha zina majaribio yanayokimbia usiku na kutuma ripoti ambayo asubuhi hakuna anayeifungua, kwa sababu mabadiliko yameshaunganishwa na kila mtu ameshaingia kazi nyingine. Jaribio linalokusimamisha kwenye mabadiliko uliyoyaandika leo linakukuta bado unakumbuka uliandika nini na kwa nini.

La pili ni kurudisha kasoro kwa makusudi. Bila hatua ile wangeingia msimu mzima wakiwa na ulinzi wa jina tu, na pengine wangekuwa na uhakika zaidi kuliko mwanzo, jambo ambalo ni hatari kubwa. Sasa kila kasoro inayoripotiwa na mgeni inaanzia hapo: jaribio linaandikwa kwanza, linaonekana likifeli, ndipo tiba inaandikwa. Kipande cha tarehe nacho kina maelezo marefu juu yake yanayosimulia usiku wa KIA.

Kilichoshindikana ni mpangilio wa kurudia mara mbili. Ulinunua utulivu kwa kuficha kasoro ya kweli, na wageni ndio waliolipa bei. Kurudia kunafaa pale tu ambapo kuna mtu anayesoma orodha ya yaliyorudiwa. Kushindwa kwingine kulikuwa kwa mawasiliano: malalamiko yanayofika kwa ofisa wa bukingi na ripoti za majaribio vilikuwa na njia tofauti. Siku hizi ofisa huyo anahudhuria kikao cha kuchagua kipi kijaribiwe, na mapendekezo yake ndiyo yanayopita mara nyingi, kwa kuwa ndiye anayejua wageni wanakwama wapi.

WebKit ya Playwright kwenye Linux iko karibu na Safari, kivinjari cha Apple, lakini si iPhone. Kalenda iliwahi kujificha chini ya kibodi ya simu, na majaribio yote yakapita kwa sababu hayana kibodi ya kuchomoza. Kwa hiyo faili la Excel halikufutwa, limefupishwa. Barua pepe nayo sasa inaandika tarehe kwa maneno, pamoja na jina la siku ya wiki, ikitoka seva moja kwa moja, ili kosa la skrini lisipate shahidi wa kuliunga mkono.

Bado kuna safari moja muhimu ya mtumiaji ambayo hawajaifikia: malipo ya wageni wa ndani kwa simu. Ujumbe wa kuomba namba ya siri unakuja kwenye simu yenyewe, nje ya kivinjari, na mazingira ya majaribio ya mtoa huduma hayafanani na yale ya kweli. Hilo linajaribiwa kwa mkono kila Alhamisi jioni, kwa kiasi kidogo cha fedha halisi, na ofisa wa bukingi ndiye anayeidhinisha kuweka hewani.